Asali ya Yowe

Yowe la kwanza lilipigwa saa nne asubuhi, msimu wa kupalilia maharage, na Eustakia alitupa jembe akakimbia kabla hajajua anakimbilia wapi. Ndivyo walivyokuwa watu wa kitongoji kile, huko Ngara, nyuma ya vilima vya Kibimba. Yowe likipigwa, unaacha. Uwe unanyonyesha, uwe unasali, uwe chooni, unaacha na kukimbilia sauti inakotoka, na njiani unapiga la kwako ili wa mbele wasikie. Chungu kikiungua, kiungue. Asiyetoka ana lake jambo, na asiyetoka mara tatu ni mwenzake mwizi, huyo anafungasha virago vyake na kuondoka. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini hata vikongwe waliosahau majina ya wajukuu zao walikuwa hawajaisahau.

Siku hiyo ilikuwa moto tu. Paa la Bulugu, yule Msukuma mwenye ng'ombe, lilikuwa limeshika, na watu wakalizima kwa ndoo na matawi ya migomba mpaka wakabaki weusi kama masizi. Balozi wa nyumba kumi, Laurian, shemeji yake Eustakia, akafanya kazi aliyoipenda kuliko zote duniani: kuhesabu waliokuja.

"Shemeji, mkimbizi wako yuko wapi?"

Eustakia akageuka huku na huku. Kweli, hayupo.

"Atakuwa hakusikia," alisema.

"Hakusikia! Fisi wa Biharamulo wamesikia, yeye hakusikia. Hiyo ni moja, shemeji. Mimi nimeshahesabu."

Mkimbizi mwenyewe aliitwa Ntirampeba, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, aliyevuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa tisini na tatu, Oktoba ile mbaya ya mauaji, akiwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu aitwaye Niyonzima. Kambini hakukaa sana. Alikuwa ameiona pale, kwenye foleni ya maji, sura moja anayoijua, na sura hiyo nayo ilikuwa imemwona. Hakusema ni ya nani. Alibeba mtoto na blanketi akaja kuomba kibarua cha kulima kwa malipo ya ndizi, na Eustakia, mjane ambaye watoto wake wote walikuwa wameshaoa na kuolewa, akampa kibanda cha nyuma. Alikuwa mchapakazi huyo, jamani! Alilima huku amefunga mdomo, mtoto mgongoni, na jioni akiulizwa kama amechoka alisema hapana. Wala Eustakia hakumuuliza kule kwao alikuwa upande gani. Mambo mengine ukiyauliza unajibiwa.

Aliporudi kutoka kwa Bulugu, Eustakia alikagua kibanda, jiko, na shamba. Hakuona mtu. Ndipo akaona majani makavu yanatikisika kwenye shimo la kuivishia ndizi, lile analochimba kila mtu wa Ngara mwenye migomba na nia ya kupika pombe. Akayaondoa. Ntirampeba alikuwa amejikunja humo chini, macho yamemtoka, mkono wake wa kulia umeziba mdomo na pua za mtoto kwa nguvu zake zote. Mtoto alikuwa amelegea.

"Yesu na Maria! Mwachie!"

Hakuachia. Eustakia alirukia shimoni na umri wake wote, akaubandua ule mkono kidole kimoja kimoja, akampiga mtoto mgongoni, akampulizia, akampiga tena, mpaka Niyonzima akakohoa na kuanza kulia. Hapo tu ndipo Ntirampeba alipouangalia mkono wake mwenyewe.

"Wa kwanza alikufa hivyo, mama," alisema baadaye, wameketi jikoni. "Kule kwetu, kwenye mafunjo ya mto Ruvubu. Walikuwa wanapiga yowe na filimbi wakitutafuta. Alikuwa anataka kulia. Nilimziba. Walipopita nikamwachia, na alikuwa amekwisha. Sasa yowe likilia, mkono huu haunisikii. Nauambia acha, hauachi."

Eustakia alichukua bakuli. Akamsogezea uji.

Yowe la pili lilikuja majuma matatu baadaye: fisi amebeba mbuzi wa Domisiana, jirani wa bondeni. Safari hii Eustakia hakukimbilia fisi. Alikimbilia shimoni, akamkuta Ntirampeba pale pale, akamnyang'anya mtoto wakati bado anapumua. Laurian akahesabu, akasema ni mbili, na akamwonya Eustakia kwamba na yeye ametoka kwa kuchelewa. "Nakuheshimu kwa ajili ya marehemu kaka yangu," alisema, "lakini ya tatu mgeni wako anarudi kambini, na mimi mwenyewe nitamsindikiza." Kambini, kwenye ile sura ya foleni ya maji. Na hata asiporudi huko, kila yowe lilikuwa linaweza kuwa la mwisho kwa mtoto. Eustakia hakulala vizuri tena tangu siku hiyo.

Pasaka ikamleta mdogo wake, Evaristi, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi upande wa Runazi. Evaristi alikuwa mtu wa maneno. Kabla hajaweka begi chini ameshakwambia amesoma nini chuoni, nani alipata ngapi, na kwa nini wale wa zamani walifundishwa vibaya. Alileta chupa kubwa ya asali ya misitu ya Biharamulo, nyeusi, nzito, imezibwa kwa gunzi la hindi. Eustakia akamsimulia habari za shimo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Evaristi alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, hili lina dawa," akasema. "Tulisoma kwenye saikolojia. Kulikuwa na Mrusi mmoja, alifuga mbwa. Kila akitaka kumpa mbwa nyama, kengele inalia. Kengele, nyama. Kengele, nyama. Mwisho wake kengele ikilia bila nyama, mbwa mate yanamchuruzika."

"Na kwa kazi hiyo alilipwa mshahara?"

"Alipewa zawadi kubwa, dunia nzima inamjua!"

"Bwana wee. Sisi tunasema tu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hatukupewa hata shilingi."

Evaristi alicheka, lakini hakuacha. "Sikiliza basi. Kilichofungwa hivyo kinaweza kufunguliwa hivyo hivyo. Alikuwepo mtoto mmoja aliyeogopa sungura."

"Sungura? Sungura analiwa."

"Dada! Wakampa mtoto kitu kitamu, sungura wakamweka mbali kule. Kesho wakamsogeza kidogo. Keshokutwa kidogo tena. Mpaka mtoto anakula kwa mkono huu na huku anamshika sungura kwa mkono huu. Wewe sungura wako ni yowe. Lianze dogo, mbali, na kila likilia umpe kitamu. Na kitamu hicho asikipate wakati mwingine wowote. Usiruke hatua. Akishtuka, rudi nyuma."

Eustakia aliitazama chupa. "Na yule mbwa, alijua kengele inalia kwa sababu gani?"

"Mbwa hana haja ya kujua, dada. Anaitika tu."

Walianza Jumatatu ya Pasaka. Eustakia alimweka Ntirampeba kwenye kigoda mlangoni, akamweleza kila kitu, kwa sababu aliona si haki kumfanyia mtu mzima mambo ya mbwa bila kumwambia. Ntirampeba akasema, "Mama, nifanyie chochote. Ila mtoto usimwache mikononi mwangu." Kwa hiyo Niyonzima alipakatwa na Eustakia. Eustakia akafungua mdomo, akapiga yowe kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: uuuwi. Ntirampeba akakakamaa. Eustakia akachovya kijiko, akamdondoshea asali katika kiganja cha mkono ule ule wa kulia. "Lamba." Akalamba. Na mtoto, nani angemnyima? Na yeye akafungua kiganja chake kidogo, akadondoshewa.

Basi wakaendelea hivyo. Uuuwi, asali. Uuuwi, asali. Domisiana alipita akasimama, akashika kiuno. "Eustakia, umri umekufikia? Unapiga yowe la kunong'ona?" Na Eustakia akamjibu apite zake akatafute mbuzi wake tumboni kwa fisi. Juma la pili yowe lilitoka nyuma ya jiko. La tatu, katikati ya migomba. Siku nyingine mambo yalienda, siku nyingine yaliharibika: Ntirampeba alitapika, alijikojolea, mara moja alitimka mpaka shimoni, nao wakarudi kwenye kunong'ona siku tatu nzima. Lakini hatua kwa hatua alianza kuinuka kwenye kigoda. Akafika uani. Akafika kwenye mti wa mwisho wa kahawa. Mwishoni mwa Mei Eustakia alimwomba Laurian ruhusa, maana kupiga yowe la uongo ni kosa kubwa kuliko kutoitika; balozi akawaambia majirani wasitoke, na Eustakia akashuka mpaka kwenye kijito na kupiga yowe lenye mapafu yote. Akasubiri. Akaona mtu anateremka mbio kati ya mihogo, mtoto mgongoni, kitenge kinapepea. Ntirampeba alifika anahema, akanyoosha kiganja, na akacheka. Eustakia hakuwa amewahi kumwona akicheka. Alikuwa na mwanya.

"Mchovya asali hachovyi mara moja!" Eustakia alisema, akamwaga vijiko viwili, akalia machozi ya furaha kama mjinga pale majini.

Kilichokuwa cha ajabu zaidi ni mtoto. Niyonzima alikuwa haelewi hofu ya mama yake wala historia yake. Kwake yeye yowe lilikuwa jambo la kupendeza. Hata watoto wa majirani wakipiga kelele mchezoni alikuja mbio, kiganja wazi, anamtafuta bibi mwenye chupa.

Yowe la tatu lilipigwa kiangazi, mwezi wa nane, jua la saa tisa. Lilitoka upande wa Bulugu. Mwaka huo chakula cha kambini kilikuwa kimepunguzwa, na mashamba ya jirani yalianza kuchimbwa mihogo na watu wasioyalima. Eustakia alikuwa anaanika maharage. Miguu yake ikaondoka, kama kawaida yake, na kabla hajatoka uani Ntirampeba alimpita, mtoto mgongoni, anapiga yowe lake mwenyewe, kali, la juu, halina kasoro. Eustakia alikimbia nyuma yake, moyo umejaa. Ametoka! Mungu wangu, ametoka!

Walimkuta mwizi amezungukwa kando ya kijito. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, amejifunika mabegani kipande cha turubai la plastiki wanalogawiwa kambini, na mbele yake kulikuwa na gunia lenye mihogo, labda sita, labda saba. Goti lake lilikuwa limeshavunjwa. Watu kama arobaini, wote majirani, wote Wakristo, wengine bado na vijiko vya kupikia mikononi. Laurian alisimama kwenye jiwe, anahesabu.

Na hapa lazima isemwe, maana watu wa huko hawapendi kuisema. Kuitika yowe la mwizi si kufika tu. Kila aliyekuja anatia mkono. Jiwe moja, fimbo moja, hata la kumgusa tu, ili kesho asiwepo mmoja wa kwenda kusema wengine walifanya nini. Eustakia alilijua hilo tangu utoto. Katika miezi yote ile ya asali, kunong'ona na kurudi nyuma, halikumjia akilini hata mara moja. Alikuwa amemfundisha Ntirampeba kufika. Alisahau kabisa kwamba kufika kuna la pili yake.

"Amazi," alisema yule mtu. Maji. Kirundi na Kihangaza, lugha ya pale, vinalitamka sawasawa, na hakuna hata mmoja pale ambaye hakuelewa. Kijito kilikuwa hatua nne.

Bulugu akarusha. Domisiana akarusha. Eustakia alikuwa bado anatafuta pumzi, na alipoangalia chini aliona jiwe kiganjani mwake, na hakukumbuka kuinama. Akarusha. Lilimpata begani, likateleza kwenye plastiki. Akakumbuka, pale pale, baba yake mzee Novatus akimbeba shingoni kwenda kwenye yowe lake la kwanza, na yeye ana miaka sita, na kwamba walipokuwa wanarudi baba alimnunulia kipande cha nyama ya kuchoma, kikubwa, peke yake, akamsifu. Ladha yake ilimjia mdomoni. Mate yakamtoka.

"Na mgeni wetu?" Laurian aliuliza kwa upole, kama anayemkaribisha mtu mezani. "Leo umetuheshimu sana, dada. Umekuja wa mbele."

Watu wakageuka kumwangalia Ntirampeba, na walikuwa wanatabasamu, kweli kabisa walikuwa wanampenda wakati ule. Yule mtu naye akamwangalia. Alisema maneno mengine ya Kirundi, haraka haraka, ya kumwita dada. Kichwa cha Niyonzima kilikuwa kimechungulia juu ya bega la mama yake. Eustakia alitaka kusema mwacheni. Akayameza yale mate, pamoja na neno.

Ntirampeba aliokota jiwe kwa mkono wa kulia. Halikuwa kubwa. Halikuwa la mwisho pia. Baada yake walirusha wengine, na ilichukua muda mrefu kuliko ambavyo ungefikiri, kwa mtu mwembamba namna ile.

Laurian alimsindikiza Ntirampeba mpaka njia panda. "Umekuwa wetu sasa," alimwambia. "Nimefuta zile mbili. Kaa, lima, mlee mtoto." Na alimaanisha. Domisiana alimpa maboga mawili.

Nyumbani Ntirampeba alimshusha mtoto, akaenda kwenye mtungi, akanawa mikono. Akamwaga maji, akateka mengine, akanawa tena. Mara ya nne Eustakia akamshika kiwiko.

"Basi, mwanangu. Maji yataisha."

"Alisema amazi, mama."

"Nilimsikia."

"Kule kwetu mimi nilikuwa nimejificha, nilisikia sauti tu. Tangu siku ile nilikuwa najiuliza watu wale wanakuwaje, wana roho gani, wanalishwa nini." Aliongea taratibu, kwa Kiswahili chake cha kambini, bila kulia. "Kumbe hakuna. Wanakuwa wamekimbia, wamechoka, na balozi anawaangalia."

"Ungefanya nini? Wangekurudisha."

"Najua." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Ulinitoa shimoni, mama. Sikulaumu. Lakini nilipokuwa mafichoni nilimuua wangu tu."

Eustakia alikaa kwenye kigoda, kile kile cha mlangoni. Alitaka kumlaani Evaristi, na mbwa wake, na Mrusi wake, lakini alijua ni uongo. Evaristi alileta chupa tu. Ile kazi nyingine ilikuwa imeshafanywa humu kitongojini tangu babu zake, kwa nyama, kwa maboga, kwa kuitwa wetu, na hakuna aliyekwenda chuo kuisomea. Alijisikia mzee na mchafu. Aliapa moyoni kwamba yowe lingine likipigwa atakaa hapa hapa, wamfukuze na yeye.

Ntirampeba alikuwa ameingia kibandani. Kwa mlango uliokuwa wazi ilionekana anakunja blanketi, analifungua, analikunja tena.

Niyonzima alikuwa amesimama uani, ananyonya kidole. Mchana kutwa hakuna aliyemkumbuka. Alimwangalia mama yake kidogo, akaona hana la kupata huko, akaja zake mpaka kwenye kigoda, miguu midogo imejaa vumbi la kijitoni. Akafungua kiganja chake cha kulia, akakiinua juu kabisa ili kionekane.

"Bibi," alisema, huku anacheka, "yowe limelia."

Eustakia alifungua mdomo amwambie hapana. Mkono wake ulikuwa umeshaifikia chupa, na kidole gumba kilikuwa kinasukuma gunzi.